XL ndogo mkoani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nikisimama Mwanga kununua vocha, pikipiki yangu inaulizwa maswali kuliko mimi mwenyewe. Ni Honda XL 125 ya zamani, cc 125 za jina (ukipima injini ni 124), niliyoinunua mkononi kwa mtu ikiwa imeshachoka. Naendea nayo Kalinzi, Kasulu, Uvinza na vijiji ambavyo lami imevipita kwa mbali. Mimi si fundi. Ninachokijua nimekijua kwa kuharibu, na kwa kulipa watu waliokuja kuharibu zaidi. Nikisema "XL" hapa chini nazungumzia pikipiki zote ndogo za lami na vumbi, maana huku wengi huziita hivyo hata kama tenki limeandikwa Yamaha.

Kwa nini ninunue XL na si Boxer au TVS?

Inategemea unakokwenda. Kama maisha yako ni stesheni, Mwanga, Gungu na Ujiji, chukua Boxer au TVS, wala usinisikilize. Spea ziko kila kona, siti ni ndefu, mafuta inanusa tu.

XL inaanza kulipa pale lami inapokwisha. Nyingi zina tairi ya mbele ya inchi 21, kwa hiyo shimo ambalo tairi ya 17 inatumbukia, yenyewe inalipanda na kuendelea. Madigadi ya mbele imekaa juu, mbali na tairi, hivyo tope halipati pa kujishindilia. Mwangalie mwenye pikipiki ya mjini akitoka shamba mwezi wa tatu: kila baada ya hatua mia anasimama, anainama, anachokoa udongo mwekundu kwa kijiti ili gurudumu lizunguke.

Usitegemee mbio, lakini. Honda XR 125 inatoa nguvu za farasi 11 hivi, na ukipakiza mtu kupanda Kalinzi utazihesabu zote.

Nimepata ya mnada, iliyokuwa ya mradi. Niangalie nini?

Anza na karatasi kabla ya kugusa injini. Mkoa wetu umepitiwa na miradi mingi na mashirika ya kuhudumia wakimbizi, kwa hiyo pikipiki za namna hii huuzwa, na nyingine zimetunzwa vizuri kuliko za watu binafsi. Soma namba yake. Ikianza na DFP ilikuwa ya mradi wa wafadhili, SU ni shirika la umma, SM ni serikali za mitaa, na za serikali kuu huanza na ST. Vyombo vya miradi ya wafadhili aghalabu huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo haukufuati wewe mnunuzi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni: kodi imelipwa, na risiti iko wapi? Kama jibu ni "hilo utalimaliza mwenyewe TRA, ni dogo tu," nenda TRA ukaulize kiasi kabla hujatoa hata shilingi. Kuna jamaa yangu alinunua kwa bei ya kutupa, akaja kugundua kwamba bei ya kutupa ilikuwa nusu ya safari.

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi, herufi kwa herufi. Injini iliyobadilishwa si kosa, kosa ni kubadilishwa bila kadi kurekebishwa.

Sasa pikipiki yenyewe. Fika ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye injini kabla hujasalimiana sana na mwenyewe. Ikiwa ya moto na anasema "nimeiwasha tu ipashe kidogo," mwambie utarudi jioni. Pikipiki inayosumbua kuwaka asubuhi hupashwa moto kabla mteja hajafika. Ikiwaka, tazama moshi. Moshi wa bluu unaotoka mara moja wakati wa kuwasha kisha ukapotea mara nyingi ni sili za valvu, si msiba. Unaoendelea kutoka kila ukivuta moto (ekseleta) ni ringi au silinda, na hapo unanunua ovahoo.

Inyanyue mbele, geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unakwama katikati kama umeingia kwenye kijishimo, beringi za usukani zimekwisha. Kisha shika tairi ya nyuma, isukume upande kwa upande. Ikicheza, ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma, yaani ule mhimili unaoshika gurudumu la nyuma. Hivyo vyote vinatengenezeka, lakini vinashusha bei.

Leseni na bima je?

Daraja A ni kwa pikipiki zinazozidi cc 125, A1 ni kwa za chini ya hapo. Bima ya mtu wa tatu ni lazima. Helmeti ni yako na ya abiria wako. Ada ya mwaka ya leseni ya chombo ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo mtu akikudai ya mwaka huu muulize anatoka wapi. Ila uhamisho wa umiliki ufanye mapema, ukiwa na mkataba wa mauziano na kadi halisi, wakati muuzaji bado anapokea simu zako.

Nianze kurekebisha wapi?

Na vitu vinavyogusa ardhi na vinavyokugusa wewe: tairi, breki, cheni, beringi, nyaya za klachi na breki, vishikio vya mkono, siti. Kijana ananijia na pikipiki ambayo breki ya nyuma inashika siku inayotaka, ananiuliza kuhusu sailensa ya mlio. Nusu ya kazi niliyoifanya kwenye yangu haikuwa kuongeza chochote, ilikuwa kuondoa marekebisho ya waliotangulia: bolti ya baiskeli kwenye kabureta, waya wa taa uliopita juu ya ekzosi, sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya nyuma isiyolingana na cheni.

Injini iache. Injini ndogo ya Honda ikipewa oili na hewa safi itaendelea kufanya kazi wakati wewe umeshachoka kuiendesha.

Tairi gani?

Kwa mbele inchi 21 na nyuma 18, kama XL na Yamaha DT zilivyo, utakuta 2.75-21 na 4.10-18, au zile za kuandikwa kwa milimita zenye ukubwa wa karibu hapo. Lakini soma tairi yako mwenyewe, usisome yangu. XR 125 ina 19 mbele na 17 nyuma, na watu wameshabeba tairi kutoka Dar es Salaam kwa treni siku nzima na zaidi ili waje kugundua hilo Kigoma.

Meno makubwa yaliyoachana yanafaa tope, ila kwenye lami yanaliwa upesi na kwenye kona zenye maji yanateleza. Mimi nimefunga ya meno mbele na ya nusu kwa nusu nyuma. Sababu ni kwamba tairi ya mbele ikikukimbia kwenye tope umeanguka, ya nyuma ikikukimbia umecheza ngoma kidogo tu.

Upepo ndiyo rekebisho la bure. Wajaza upepo wa barabarani wanajaza pikipiki zote kana kwamba zimebeba magunia. Nikiwa peke yangu natembea na 22 mbele na 25 nyuma kwa kipimo cha psi. Kwenye tope au mchanga nashusha hadi 18 hivi, na tairi inakanyaga kwa upana. Chini ya hapo jihadhari: tairi inaweza kuteleza ndani ya rimu ukivuta moto, ikaivuta tyubu na kuing'oa valvu. Ukiona valvu yako imelala upande badala ya kusimama wima, tairi imeshaanza kutembea. Beba pampu ya mkono, maana kushusha ni rahisi na kupandisha hakuna atakayekusaidia katikati ya miombo.

Kubadili sproketi kunasaidia kweli?

Ndiyo, na kwa pesa uliyotumia hakuna kitu kingine kitakachobadilisha pikipiki yako kiasi hicho. Chukua mfano wa meno 15 mbele na 45 nyuma: 45 ukigawa kwa 15 unapata 3. Weka 14 mbele, inakuwa 3.21. Yaani nguvu ya kuvuta imepanda kwa asilimia 7, na mwendo kwenye gia ileile umeshuka kwa kiasi karibu hichohicho. Ulipokuwa unakwenda 80, injini ikilia vilevile, sasa uko 75. Kupata matokeo hayo kwa sproketi ya nyuma ungehitaji kuongeza meno matatu, kufika 48. Ndiyo maana watu huanza na ya mbele: ni ndogo, ni rahisi, na inabadilishwa kwa nusu saa.

Mimi nilishusha jino moja kwa ajili ya kupanda Kalinzi na abiria. Nilijaribu mawili, nikarudi. Ilipanda kama mbuzi, lakini kwenye lami ya Kasulu injini ililia mpaka nikaona aibu. Tena sproketi ndogo sana ya mbele inakunja cheni kwa kona kali, na cheni inakwisha mapema.

Kuna anayeuliza kama spidomita itadanganya. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii waya wa spidomita unatoka gurudumu la mbele, kwa hiyo haijali sproketi kabisa.

Na cheni, jamani. Hili nalirudia kwa kila mtu. Mafundi waliozoea pikipiki za mjini wanaikaza XL kama Boxer. Mkono wa nyuma wa XL unapanda na kushuka sana, na unapokuwa usawa, cheni inakuwa imevutika kuliko wakati wowote. Ukiikaza ikiwa imesimama, ukiingia shimoni na abiria inang'ang'ania ekseli na beringi ya sproketi ya mbele. Acha mchezo wa sentimita 3 hadi 4 katikati ya cheni. Mwambie mtu mzito akalie siti, kisha uiguse tena. Kama imekuwa ngumu kama waya wa kuanikia, ilegeze.

Inakula mafuta na inatoa moshi mweusi. Nipanue au nipunguze jeti?

Kwanza itazame jeti uliyonayo, kile kipande chenye tundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Yangu iliwahi kuanza kunywa mafuta kuliko gari dogo. Nilipeleka gereji mbili, kila moja ikasafisha kabureta na kunirudishia pikipiki ileile. Siku moja nikaitoa jeti kuu mwenyewe, nikaishika kwa vidole viwili nikaielekeza kwenye jua. Tundu lake halikuwa duara, lilikuwa na umbo la yai. Pembeni ya benchi ya fundi wa pili nilikuwa nimeona ananyofoa uzi mmoja wa waya wa breki kwa ajili ya kuzibulia. Ndipo nikaelewa. Uzi ule ni chuma na jeti ni shaba laini, kwa hiyo kila aliyeizibua aliipanua kidogo. Namba iliyochongwa ubavuni ilikuwa ileile, lakini tundu halikuwa la namba ile tena. Nilinunua jeti mpya ya namba ileile na tatizo likaisha.

Kwa hiyo: jeti inazibuliwa kwa petroli safi na upepo wa kompresa. Ikigoma, tumia uzi wa plastiki wa mshipi wa kuvulia, na Kibirizi hiyo haikosekani.

Baada ya hapo soma plagi. Endesha kilomita kadhaa, zima ukiwa bado kwenye mwendo, kisha itoe. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi na injini inaungua. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo tunayoitafuta.

Skrubu ndogo ya silensa (injini inapozunguka bila kuvuta moto, si sailensa ya moshi) nayo inachanganya watu. Kama iko upande wa filta ya hewa, ni ya hewa: ukiifungua unapunguza mafuta. Kama iko upande wa injini, ni ya mafuta: ukiifungua unayaongeza. Fundi asiyejua tofauti hii ataigeuza kinyume siku nzima.

Inapoteza nguvu nikipanda milimani. Nibadili jeti?

Hapana. Ziwa letu liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda vilima vya Manyovu hewa inapungua. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hakuna jeti itakayorudisha hewa isiyokuwepo. Kama unahamia huko juu moja kwa moja na plagi inakuwa nyeusi, pandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja, sindano ishuke na mafuta yapungue. Kwa safari ya kwenda na kurudi, vumilia.

Sailensa ya mlio inaongeza nguvu?

Inaongeza kelele. Ukitoboa sailensa ya cc 125 bila kugusa kabureta unapoteza mvuto wa chini, ule ule unaouhitaji kwenye tope, na mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Majirani wako hawajakukosea.

DT 125 je? Naona inakimbia kuliko XL.

Inakimbia kweli. DT za zamani ni tuu-stroki, nyepesi na zenye hasira, lakini oili inaungua pamoja na petroli, na ukisahau hiyo oili, pistoni inaganda. Nyingi zina tenki dogo la oili na pampu yake. Mafundi wengine huing'oa pampu na kumwambia mwenyewe achanganye tenkini, kwa mfano mililita 40 kwa lita moja, ambayo ni moja kwa 25. Si vibaya, ila kuna mtego. Ukishuka kutoka Kalinzi kuelekea Mwandiga ukiwa umefunga ekseleta na gia imeshika, injini inazunguka kwa kasi huku petroli haiingii, na oili iliyomo ndani ya petroli nayo haiingii. Vuta moto kidogo kila baada ya muda, au shika klachi. Nimeshuhudia moja ikiganda palepale mteremkoni, gurudumu la nyuma likachora mstari mweusi kwenye lami.

Oili ipi?

Ya pikipiki, iliyoandikwa JASO MA. Klachi ya XL inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, basi klachi inateleza na wewe unanunua pleti ambazo hazikuwa na kosa. Lita moja hivi inatosha injini ndogo, lakini fuata kijiti cha kupimia. Kiangazi, vumbi likiwa jingi, mimi namwaga kila kilomita 1,500.

Na filta ya hewa?

Osha sifongo kwa sabuni, ikauke kivulini, ipake oili, ikamue. Usiioshe kwa petroli, inaila gundi. Kuna wanaoitoa kabisa "ili ipumue". Vumbi la Julai la barabara zetu ni msasa, na ringi zako ndizo zitakazosuguliwa.

Petroli ya chupa vijijini ni salama?

Wakati mwingine huna jingine. Inyanyue chupa uitazame juani. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama tone linalocheza. Inuse: ikinuka taa ya chemli, imechanganywa. Ukishatia na pikipiki ikaanza kumisi, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga kidogo, funga.

Nataka kufunga taa za LED.

Angalia volti kwanza. XL na DT za zamani nyingi ni volti 6, na taa za dukani ni 12. Hata kwenye za volti 12, baadhi ya modeli taa kubwa haitoki kwenye betri, inatoka moja kwa moja kwenye koili za injini, ndiyo maana inafifia ukishusha moto. LED ukiifunga hapo inapepesa, kisha inakufa.

Naweza kubeba mzigo wa maana?

Keria imara chomelea, lakini kabla fundi hajawasha mashine ng'oa waya wa betri na uchomoe CDI (kile kisanduku cha umeme wa kuwasha plagi), la sivyo utaondoka na keria nzuri kwenye pikipiki isiyowaka. Madumu ya mawese weka mbele kadiri iwezekanavyo. Yakikaa nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi kwenye mlima na fremu ya nyuma inapasuka kwenye maungio ya siti.

Chumvi ya Uvinza ni hadithi nyingine. Nilibeba mifuko miwili iliyovuja, sikuosha, na baada ya mwezi njiti za gurudumu la nyuma zilikuwa zimeota kutu kama zimelala ziwani. Tatu zilikatika kwa wiki moja. Siku hizi nikibeba chumvi natandika nailoni, na jioni ileile naosha kwa maji mengi.

Kuvuka maji?

Mpaka chini ya mdomo wa filta ya hewa, basi. Vuka kwa gia ya kwanza, polepole, bila kuachia moto. Ukitoka upande wa pili gusa breki kwa wepesi mita kadhaa, maana breki za ngoma zikilowa hazishiki. Ikizimikia majini usipige kiki. Itoe nje, ng'oa plagi, ndipo upige kiki maji yatoke. Kama oili imegeuka rangi ya uji, imwage mara tu utakapopata nyingine.

Mimi ni mfupi, miguu haifiki.

Punguza sifongo la siti kwanza, kabla ya kugusa shokapu. Na jifunze kusimama kwa mguu mmoja. Kina mama wauguzi wa vijijini wanaziendesha hizi wakiwa na urefu wako.

Spea napata wapi?

Cheni, plagi, nyaya na tyubu zipo mjini. Vitu vya injini mara nyingi ni Kariakoo, vinakuja kwa basi au treni. Usipige simu ukasema "nataka ringi za XL", utaletewa za XL yoyote iliyowahi kutengenezwa. Piga picha kifaa cha zamani kikiwa kando ya rula, tuma na namba ya injini, na kama ni ringi sema silinda iko kwenye ovasaizi ya ngapi, yaani imeshachongwa kupanuliwa kiasi gani. Kile cha zamani usikitupe mpaka kipya kimefungwa na pikipiki imewaka.